Mafuta ya jojoba: miezi mitatu napaka, nywele za mbele bado hazionekani. Tatizo mafuta au mimi?

BintiMsambaa #1

Habari za Jumapili wadau. Naombeni msaada kabla sijairusha hii chupa dirishani.

Mwezi wa nne nilifumua rasta nilizokaa nazo wiki kumi (najua, msinipige). Nilipochana, nywele za kandokando ya paji la uso zikabaki za kuhesabika, kama ndevu za kijana wa kidato cha pili. Nikaenda duka moja la vipodozi Kariakoo. Muuzaji akaniambia dawa yake ni mafuta ya jojoba, siku tisini nitarudi kumshukuru. Chupa ya mililita 100, elfu kumi na tano. Nimepaka asubuhi na usiku, sijaruka hata siku moja. Ngozi ya kichwa inang'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Nywele hakuna.

Usoni nako nilipaka, maana chupa imeandikwa ni ya uso, nywele na mwili. Siku za mwanzo niliupenda uso wangu, halafu vikaanza vipele vidogo kidevuni.

Sasa nauliza: haya mafuta yanaotesha nywele kweli? Usoni niache au niendelee? Na nitajuaje kama nilichouziwa ndicho chenyewe?

Msema Ovyo #2

Jojoba ndiyo nini tena? Bibi yangu alikuwa anapaka mafuta ya taa kichwani na nywele zilifika kiunoni.

Shangazi Kibokoni #3

Mafuta ya taa yalikuwa ya chawa, mwanangu. Usimsingizie bibi.

Kaka Ndevu #4

Nimeweka kambi hapa. Mimi nayatumia kwenye ndevu, nina swali langu ila ngoja wataalamu waje.

Mfamasia Mstaafu #5

Mtoa mada, nimekaa nyuma ya kaunta ya duka la dawa miaka ishirini na sita na swali lako nimelisikia kwa sura nyingi. Nivumilie, nitaandika kirefu.

Kwanza, jojoba si mafuta. Ni nta. Imetokea tu kwamba nta hii ni kimiminika kwenye joto la kawaida la chumba, ndiyo maana tunaimimina na kuiita mafuta. Mafuta ya nazi, alizeti, ufuta, mnyonyo, yote yamejengwa kwa mtindo mmoja: glisirini imeshikilia asidi tatu za mafuta. Kwenye jojoba hakuna glisirini hiyo. Kuna asidi moja ndefu iliyofungwa na alkoholi moja ndefu, na karibu asilimia 97 ya kilichomo kwenye chupa ni esta za namna hiyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona ndio waliolibaini hili mwaka 1933.

Hili si somo la kemia la bure. Kwa sababu ya umbo hilo, jojoba haichachi upesi. Chupa ya alizeti ukiiacha wazi juani unajua inavyonuka baada ya muda. Jojoba safi inakaa kabatini miaka miwili na zaidi bila kubadilika. Wenye viwanda vya vipodozi wanaipenda kwa hilo kuliko wanavyoipenda kwa uzuri wako.

Sasa kuna ule msemo wa wauzaji kwamba "jojoba ni sawasawa na mafuta ya asili ya ngozi yako". Ngozi yetu hutoa mafuta yake, na karibu robo ya mafuta hayo ni esta za nta. Wakashika hiyo robo wakakimbia nayo. Robo tatu iliyobaki ni vitu vingine, ikiwemo skwaleni, na jojoba haina. Hata esta zenyewe za jojoba na za kwetu zinatofautiana umbo. Ni binamu wa mbali, msimfanye pacha.

Inachofanya kweli ni kulainisha juu ya ngozi na kuyapunguzia maji kasi ya kutoroka. Maji yenyewe haileti. Ukiipaka kwenye ngozi iliyokauka umefunika mtungi mtupu.

Kuhusu kuotesha nywele: hapana. Nywele zako hazikukosa mafuta, zilivutwa. Rasta za kubana zikikaa wiki kumi zinalichosha shina la nywele, na pale mbele ndipo nywele ni laini zaidi. Ukiacha kuvuta mapema, mara nyingi zinarudi zenyewe, ila kwa mwendo wake, miezi kadhaa. Ukiendelea kuvuta miaka na miaka, panakuwa kovu, na juu ya kovu hapaoti kitu hata ukipaka dhahabu. Kama pale mbele pamekuwa laini na panang'aa bila vitundu vya vinyweleo, usibaki hapa jukwaani, nenda kwa daktari wa ngozi.

Kidevu chako sitaki kukisemea kabla sijajua kuna nini ndani ya chupa. Geuza nyuma, tuandikie maneno yale madogo kama yalivyo.

Nuru ya Ziwa #6

Mzee wangu shikamoo. Mbona mtandaoni nimeona mtu anasema kuna utafiti kabisa wa Uingereza unaoonyesha jojoba inaotesha nywele za waliopata upara wa mabaka? Hata asilimia aliweka.

Mfamasia Mstaafu #7

Marahaba. Utafiti upo, na mimi huutumia kuonyesha jinsi habari inavyoweza kusomwa kichwa chini.

Ulifanyika Scotland, ukachapishwa mwaka 1998. Wagonjwa 86 wenye upara wa mabaka waligawanywa makundi mawili. Kundi la kwanza walisugua kichwani kila siku mafuta ya kunukia ya aina nne (rozimeri, lavenda, taimu na mwerezi) yaliyochanganywa ndani ya jojoba na mafuta ya mbegu za zabibu. Kundi la pili walisugua jojoba na mbegu za zabibu peke yake, bila zile nne. Baada ya miezi saba, kundi la kwanza 19 kati ya 43 walipata nafuu. Kundi la pili ni 6 kati ya 41.

Umeona jojoba ilikaa wapi? Ilikuwa pande zote mbili. Ilikuwa chombo cha kubebea, na lile kundi la jojoba bila viungo ndilo lililofanya vibaya. Halafu mtu anachukua ile asilimia 44 ya kundi la kwanza anaibandika kwenye tangazo la jojoba! Tena ule ulikuwa ugonjwa mwingine kabisa, kinga ya mwili inashambulia shina la nywele, hauhusiani na kuvutwa na rasta.

Nuru ya Ziwa #8

Duh. Kwa hiyo jojoba ilikuwa kama ule mchele wa kupimia mizani.

BintiMsambaa #9

Nimegeuza chupa mzee. Maandishi madogo mpaka nimepiga picha nikakuza. Yanaanza hivi: Paraffinum Liquidum, halafu Isopropyl Myristate, halafu Parfum, halafu Simmondsia Chinensis Seed Oil, halafu Tocopheryl Acetate, halafu rangi yenye namba. Mbele ya chupa kuna picha kubwa ya mbegu na neno ASILI.

Jojoba yenyewe sijaiona!

Mfamasia Mstaafu #10

Umeiona. Simmondsia Chinensis ndiyo jojoba, hilo ni jina lake la kitaalamu na ndilo linaloandikwa nyuma ya chupa.

Ila angalia imekaa nafasi ya ngapi. Orodha hiyo huandikwa kwa kuanza na kilicho kingi. Ya kwanza kwako ni parafini ya maji, ndugu wa mafuta ya mgando. Si sumu, tusimtishe mtu, mafuta ya mgando ni kitu kizuri na watoto wetu wote wamekulia humo. Shida ni kwamba umenunua parafini kwa bei ya jojoba, tena jojoba yenyewe imeandikwa baada ya manukato. Manukato kwenye vipodozi huwa ni kidogo sana, sasa kilichokuja baada yake kitakuwa kiasi gani? Tone la kuhalalisha picha ya mbegu.

Na hiyo ya pili, Isopropyl Myristate, inajulikana siku nyingi kwa kuziba vinyweleo. Pamoja na manukato, ningeanza kuishuku hiyo kwa vipele vyako kabla ya kumlaumu mwingine. Usoni acha leo.

Chupa ya jojoba tupu ina jina moja nyuma. Moja tu, au jojoba na vitamini E kidogo. Rangi yake ni ya dhahabu, ikisafishwa sana inakuwa nyeupe kama maji, na harufu ni ya kokwa kwa mbali au haipo kabisa. Ikinukia waridi, imetiwa waridi.

Msema Ovyo #11

Kwa hiyo dada amepaka ndugu wa mafuta ya mgando miezi mitatu akisubiri muujiza. Nimecheka mpaka kondakta ameniangalia.

Shangazi Kibokoni #12

We Msema Ovyo una laana ndogo ndogo.

Binti, pole. Jaribu hili la friji: mimina kijiko kimoja kwenye kikombe, laza usiku kucha sehemu ya chini ya friji, isiwe kwenye barafu. Mkwe wangu alinifundisha, na yeye anauza mafuta.

Mfamasia Mstaafu #13

Shangazi kasema kweli. Jojoba huganda kwenye nyuzi kama 7 hadi 10 hivi za Selsiasi na friji nzuri ni baridi kuliko hapo, hivyo asubuhi utakuta imekuwa kama siagi. Parafini itabaki inatiririka. Ila jaribio hili linafanya kazi upande mmoja. Isipoganda, si jojoba tupu. Ikiganda, bado huwezi kuapa, kwa sababu mafuta ya zeituni nayo hufanya ukungu na kuganda, na nazi ndiyo usiseme, yenyewe huanza kuganda chini ya 24.

BintiMsambaa #14

Hilo la nazi nalijua. Kwetu Lushoto, asubuhi za Julai unachota mafuta ya nazi kwa kisu. Nitajaribu la friji usiku huu.

Mhamiaji Jangwani #15

Nimesoma uzi wote nikatabasamu, kwa sababu huu mmea unaota nje ya nilipopanga. Niko Tucson, Arizona, mwaka wa tisa sasa. Kwanza kabisa, watu wa huku hawasemi jojoba kwa J yetu. Wanasema "hohoba", kwa matamshi ya Kihispania, na neno lenyewe limetoka kwa wenyeji wa jangwa hili, Waoodham. Mara ya kwanza niliomba jojoba dukani kwa matamshi ya Kariakoo, muuzaji akaniletea kitu kingine kabisa.

Ni kichaka, si mti. Kinanizidi urefu kidogo tu kikishiba. Majani yake magumu, rangi kati ya kijani na kijivu, yamesimama wima kuelekea juu, kwa hiyo jua la saa sita linapita ubavuni mwake halilichomi. Nimeishi na joto la hapa, namwelewa kabisa huyo mti. Tunda lina mbegu ya kahawia yenye umbo la kama kokwa ndogo, na ukiikamua karibu nusu ya uzito wake ni hiyo nta mnayoizungumzia. Wenyeji wa jangwa la Sonora, upande wa Marekani na upande wa Meksiko, walizisaga hizo mbegu wakapata uji mzito wa kupaka kwenye ngozi na nywele zamani sana kabla ya hizi chupa.

Kituko kingine ni jina la kitaalamu. Chinensis maana yake "wa China", na mmea huu haujawahi kuwa wa China. Mtaalamu wa mimea wa Ujerumani aliyeupa jina alipata sampuli imeandikwa kifupisho cha California, akakisoma China. Kosa likapita, na kwa sheria za majina ya mimea likabaki.

Lakini kilichoifanya itoke jangwani na kuingia kwenye losheni zenu ni nyangumi. Mafuta ya yule nyangumi mkubwa mwenye kichwa kama sanduku yalikuwa ya namna hiyohiyo, esta za nta, yakitumika kwenye mitambo na kwenye vipodozi. Mwaka 1970 Marekani ikamwingiza kwenye orodha ya viumbe walio hatarini na kuzuia bidhaa zake kuingia nchini. Viwanda vikahaha kutafuta mbadala, na mbadala ukawa umesimama hapa kwenye mchanga miaka yote, mbuzi wanautafuna.

Shangazi Kibokoni #16

Kumbe nyangumi huyo ndiye mwenye ambari! Marehemu nyanya alikuwa na kipande kidogo ndani ya kijaluba, akikitoa siku za harusi tu. Leo nimejifunza.

Ila wanangu, niseme langu. Naona nazi inapitwa humu kama mtoto wa kambo. Sisi tulikuna nazi, tukakamua tui zito, tukalibandika jikoni moto mdogo mpaka maji yakakauka na mafuta yakapanda juu, chicha likawa la kahawia. Tukatia asumini na mrehani usiku kucha. Nywele zetu zilikuwa nywele. Hiyo hela ya chupa ya kidole gumba mwaipata wapi?

Mfamasia Mstaafu #17

Shangazi, una hoja na kuna ushahidi. Mwaka 2003 watafiti wa India walichapisha ulinganisho wa mafuta ya nazi, ya alizeti na ya madini (ndiyo parafini ile) kwenye nywele. Ya nazi peke yake ndiyo yaliyopunguza protini inayopotea nywele zinapooshwa na kuchanwa, kwa sababu asidi yake kuu ni ndogo na nyoofu, inapenya ndani ya unywele. Jojoba haikuwemo kwenye utafiti huo, lakini kwa urefu wa esta zake kazi yake kubwa ni ya juu juu: kuteleza, kung'aa, kufunga.

Kwa hiyo kama nia ni kuilinda nywele kabla ya kuosha, nazi ya Shangazi usiku, shampuu asubuhi. Kama nia ni kufungia unyevu baada ya kuosha bila nywele kulala chini kwa uzito, hapo jojoba inaishinda. Usoni mimi binafsi nazi simshauri mwenye chunusi, inaziba wengi.

Msusi wa Sinza #18

Nimechelewa kuona huu uzi, nilikuwa na vichwa vinne leo. Mimi ni msusi, kemia siijui ila vichwa navijua.

Jojoba naitumia saluni, ile tupu, na chupa ya mililita 60 inanichukua mwezi na zaidi. Watu wanaimaliza haraka kwa sababu wanaimwaga. Kwa nywele za asili zilizojikunja sana, naosha, nakamua maji kwa fulana ya pamba, taulo linakwaruza. Nywele zikiwa bado mbichi napaka kondishena ya kuacha humo. Kisha matone matano sita ya jojoba viganjani, nasugua mikono mpaka inapata joto, naanza na ncha. Ncha ndiyo sehemu kongwe ya unywele, imekaa kichwani miaka, lakini wateja wote wanaanza na utosi. Mizizi inapata kile kilichobaki mkononi. Nasuka mistari mikubwa au twisti, nafunika kitambaa cha satini. Basi.

Akiwa na rasta, nampa chupa ndogo ya kupulizia: maji, kondishena kidogo, matone machache ya jojoba. Atikise kila mara kwa sababu havichanganyiki. Anapuliza kwenye mistari siku mbili kwa wiki. Kupaka mafuta mazito juu ya rasta kila siku bila kuosha ndiko kunakoleta ule uji wa kijivu ninaokutana nao wakati wa kufumua. Mnadhani ni mba. Ni vumbi la daladala na mafuta ya wiki nane. Kichwa chenye rasta kinaoshwa jamani! Shampuu iliyoyeyushwa kwenye maji, unamimina katikati ya mistari, unasuuza.

Mwenye mba ya kweli, ile ya magamba yenye ukungu wa njano na kuwasha, simpaki mafuta yoyote hata akinibembeleza. Namwambia akanunue shampuu ya ketokonazoli, aiache kichwani dakika tano kabla ya kusuuza. Mba ile ina fangasi ndani yake, na mafuta mengi fangasi anayala.

Sasa BintiMsambaa. Hakuna mafuta yatakayokusaidia kama msusi wako anaendelea kuzivuta zile chache zilizobaki. Mteja anakuja na nywele tano mbele anasema "dada, zikamate na hizo hizo, paonekane pazuri". Nikikataa anakwenda saluni ya jirani. Ukitoka kwa msusi huwezi kupandisha nyusi, au unameza dawa ya maumivu ulale, hiyo rasta fumua usiku huohuo, hata kama umelipa elfu hamsini. Mistari ya mbele iwe minene na milegevu, au acha nje kabisa. Wigi la gundi nalo ni adui wa palepale.

Kaka Ndevu #19

Wataalamu wamefika, naleta swali langu. Nikinyoa napata vipele vigumu shingoni, vinauma. Nikapewa jojoba. Ngozi imelainika ila vipele vinarudi kila nikinyoa.

Mfamasia Mstaafu #20

Vitarudi. Ndevu zetu zimejikunja, ukizikata chini kabisa ncha inageuka na kuingia tena kwenye ngozi, mwili unaiona kama mwiba. Jojoba inalainisha ndevu na kupunguza mkwaruzo, haiunyooshi unywele. Acha wembe, tumia mashine ya kuacha urefu wa milimita moja hivi, fuata ndevu zinakolala, usizivute ngozi. Wiki chache utaona. Jojoba baki nayo kama ya kulainishia, tone mbili.

Jembe Halimtupi #21

Habari wakuu. Mimi ni mkulima Dodoma. Nimeona hapa mbegu nusu ni mafuta, mmea wa jangwani, soko la vipodozi duniani. Nina ekari nane zimelala. Hii si fursa? Mbegu zinapatikana wapi?

Mhamiaji Jangwani #22

Mkuu, kaa chini kwanza. Huku Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 waliingia wimbi hilohilo. Matajiri wa mjini walinunua mashamba ya jangwani kwa ahadi ya dhahabu ya kijani, wengine hawajawahi hata kuliona shamba lao. Wengi waliumia.

Sababu kubwa ni tabia ya mmea. Jojoba ina mti dume na mti jike, kama mpapai. Jike tu ndiye anayezaa, dume anatoa chavua inayobebwa na upepo. Ukipanda kwa mbegu, huwezi kumjua nani ni nani mpaka wachanue, na hapo umeshamwagilia miaka mitatu au minne, ndipo unagundua nusu ya shamba ni madume. Wanaofanikiwa leo wanapanda vipandikizi vilivyochaguliwa na wana umwagiliaji wa matone. Israeli, kwenye jangwa la Negev, ndiko walikokomaa zaidi, Argentina na Peru wapo, Misri nao wanalima. Sijakukataza, ila usinunue mbegu kwa mtu wa kwenye simu.

Jembe Halimtupi #23

Mpapai nimekuelewa vizuri sana. Ulishaniliza huo mti. Narudi kwenye alizeti yangu.

Msema Ovyo #24

Swali la mwisho, nina chupa ya shemeji hapa. Naweza kupikia chapati?

Mfamasia Mstaafu #25

Nakujibu kwa sababu yupo atakayejaribu. Hapana. Mwili hauwezi kuimeng'enya nta hiyo, inapita kama ilivyo na utaijua ilivyopita. Mbegu zenyewe zina kitu kinaitwa simondisini kinachoua hamu ya kula. Tumboni isiingie.

Nuru ya Ziwa #26

Usoni sasa mzee, hujamaliza. Mimi nina ngozi ya mafuta na chunusi. Naambiwa jojoba "inaidanganya ngozi" ipunguze kutoa mafuta yake.

Mfamasia Mstaafu #27

Hiyo ya kudanganya ngozi ni hadithi tamu. Tezi za mafuta zinaongozwa na homoni kutoka ndani, hazichungulii juu kuona kama umeshapaka.

Lipo jaribio la Ujerumani la mwaka 2012, watu wenye chunusi nyepesi walipaka udongo uliochanganywa na jojoba mara mbili tatu kwa wiki kwa wiki sita, na vipele vikapungua kwa zaidi ya nusu kwa wastani. Linatia moyo, lakini halikuwa na kundi la kulinganishia na kulikuwa na udongo ndani. Sifa ziende kwa nani?

Nionavyo mimi, jojoba tupu ni miongoni mwa zisizosumbua uso. Wachache sana hupata mzio, kwa hiyo paka kwanza ndani ya kiwiko siku mbili utazame. Usoni ni matone matatu, usiku, ngozi ikiwa na unyevu. Inafaa pia kuondolea vipodozi: sugua, futa kwa kitambaa cha vuguvugu, nawa. Haikingi jua, na haing'arishi wala kuondoa madoa. Ukiona "jojoba ya kung'arisha" na inafanya kazi kwa wiki moja, humo ndani kuna mkorogo, kimbia.

BintiMsambaa #28

Wiki ya sita tangu nifungue uzi huu, nimerudi na mrejesho.

La friji: niliilaza usiku kucha, asubuhi inatiririka kama maji ya bomba. Nikairudisha dukani na picha ya maandishi ya nyuma niliyoikuza. Muuzaji akasema jojoba imo, si imeandikwa? Nikamwambia kweli imo. Hela hakunirudishia.

Nimenunua ya mililita 30 yenye jina moja nyuma, tumechanga na dada yangu. Ile iliganda, imekuwa kama siagi, tumeshangilia jikoni saa kumi na mbili asubuhi kama wendawazimu. Vipele vya kidevu viliisha siku kama kumi baada ya kuacha ile ya zamani, na uso sijapaka chochote kipya bado, naogopa. Nywele nimeziacha nje, nimefunga kilemba kazini, bosi ameuliza kama nimeokoka. Pembeni kushoto pameanza kuota vinywele laini, vifupi, ukivipitishia kidole unavisikia. Kulia bado. Shangazi, ya nazi napaka Jumamosi kabla ya kuosha, asumini nimekosa nimetia mrehani.

Ile chupa ya Kariakoo dada ameipaka kwenye bawaba za mlango wa choo. Haulii tena.

Msusi wa Sinza #29

Upande wa kulia ndio unaolalia. Badilisha foronya pia.